Ufa Chini ya Utepe Mweusi

Kila jioni, akishateka maji na kufagia uwanja, Happyness Maduhu alikaa kwenye kigogo mbele ya nyumba yao pale Nyabusozi kumsubiri baba yake arudi machimboni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Baba alipotokea kwenye kona ya migomba, Happyness hakuangalia mfuko alioubeba wala viatu vyake vilivyojaa tope jekundu. Aliangalia jicho lake la kulia.

Jicho la kulia ndilo lililobaki. La kushoto lilipigwa na kipande cha jiwe mwaka uliopita, likafunga ukungu mweupe, na tangu siku hiyo halikuona tena. Daktari alimwambia baba maneno ambayo nyumba nzima iliyashika: "Mzee Maduhu, hili la pili likiumia, utashikwa mkono hata kwenda chooni." Mama alilia siku hiyo. Happyness hakulia, lakini alianza kuwa na hofu, na hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

"Shikamoo, baba," alisema Ijumaa ile.

"Marahaba, mama. Habari za shule?"

"Nzuri. Baba, miwani iko wapi?"

Baba alitabasamu kama mtu aliyekamatwa akiiba sukari. Aliingiza mkono mfukoni, akaitoa miwani yake ya kujikinga, ile kubwa inayofunika macho yote mawili. Mkanda wake ulikuwa umelegea na kujaa vumbi.

"Inanishinda," alisema. "Mkanda ni mfupi, hauwezi kuizunguka helmeti. Nikiuvaa ndani ya helmeti, jasho likianza tu unateleza. Miwani inashuka puani, sioni hata ninapopiga nyundo. Nikiinama, inadondoka. Leo imedondoka mara saba."

"Kwa hiyo ukaivua?"

"Nikaivua," baba alijibu, akatazama pembeni.

Mama angekuwepo angemgombeza baba mpaka akome, lakini mama alikuwa kijiji cha Nemba akimuuguza dada yake aliyejifungua mapacha. Nyumbani walikuwa watatu tu: baba, yeye na bibi. Na bibi hakuwa mgombezi. Bibi alikuwa mshonaji wa vibuyu.

Hiyo ilikuwa kazi aliyokuja nayo kutoka Shinyanga, zamani walipohama na ng'ombe wao. Kibuyu kikipata ufa, bibi hakukitupa. Alichoma msumari kwenye moto mpaka ukawa mwekundu, akatoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akaushona kwa uzi wa katani na kuuziba kwa ulimbo. Happyness alijifunza kazi hiyo akiwa na miaka tisa, na majirani walisema mkono wake umeshampita bibi yake. Sifa hizo alizipenda mno.

Usiku alilala akiwaza. Helmeti ni ya duara, ni ngumu, na ndani ni tupu. Ina tofauti gani na kibuyu?

Jumapili machimbo yalifungwa, na baba akaondoka asubuhi kwenda Nemba kumsalimia mama. Bibi alikwenda kanisani. Happyness aliwasha jiko, akachoma msumari, akaishika helmeti ya baba katikati ya magoti kama alivyofundishwa kushika kibuyu. Ilikuwa helmeti ya njano, kuukuu kidogo lakini nzima. Alitaka kutoboa matundu manne, mawili kila upande juu ya ukingo, apitishe vipande vya tyubu ya baiskeli na kufungia miwani.

Tundu la kwanza lilitoka vizuri, ingawa moshi wake ulinuka vibaya na kumtoa machozi. La pili pia. La tatu likawa gumu. Alibonyeza kwa nguvu, na alipofika la nne alisikia mlio mdogo: ta!

Ufa ulikuwa umetoka tundu la tatu hadi la nne, kisha ukaendelea kupanda juu. Ulikuwa na urefu wa kidole chake cha kati.

Alikaa akiutazama. Kisha akafanya haraka haraka, kama watu wanavyofanya wanapojua kwamba wakisimama kufikiri hawatafanya. Alichukua utepe mweusi ambao baba aliwahi kufungia waya wa redio, akaubandika juu ya ufa. Kwa kuwa utepe upande mmoja tu ungeleta maswali, aliuzungusha helmeti nzima, mistari miwili, ikaonekana kama pambo. Akapitisha tyubu, akafunga miwani. Ikakaa kama imeota pale.

Jioni baba alipoivaa, aliruka, akainama, akatikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi. Miwani haikusogea hata kidogo.

"Mama Happyness!" aliita kwa furaha, akasahau kwamba mama hayupo. Akawaita majirani. "Njooni mwone! Binti yangu ni fundi! Nimehangaika miezi, yeye kamaliza siku moja!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Baba akazungusha kidole juu ya utepe. "Na hii je?"

"Urembo tu, baba," alisema Happyness.

Maneno matatu tu, lakini usiku ule hayakumwacha apate usingizi.

Jumatatu baba aliondoka alfajiri. Happyness alimkuta bibi uani amevipanga vibuyu vyake juani, akimimina mbegu za choroko kwenye kile walichokishona wiki iliyopita.

"Mbona hiki hukiwekei maziwa, bibi?" aliuliza, ili mradi aseme neno.

"Wewe tena unauliza hilo?" Bibi alicheka. "Kibuyu kilichotobolewa ni cha mbegu. Mshono unabeba mbegu, kitu chepesi. Ukikijaza maziwa, kikawa kizito, au ukikigonga, kinapasukia palepale kwenye matundu. Hata ukishone vizuri namna gani."

Happyness alikuwa amesikia maneno hayo mara mia, na hayakuwahi kumhusu. Leo alisimama tu na ufagio mkononi. Bibi alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, akachukua daftari zake akaenda shule.

Darasani aliketi na Naima, binti wa Mzee Abdulkarimu mwenye duka la nyundo na sururu. Wateja wa duka lile walikuwa wachimbaji, na Naima alikuja kila siku na habari mpya.

"Umesikia ya Jumamosi?" alinong'ona wakati wa mapumziko. "Machimboni jiwe lilimdondokea mtu kichwani, kubwa kama kiazi kitamu! Baba anasema kama si helmeti, leo tungekuwa msibani. Helmeti haikuvunjika hata kidogo. Sasa watu wote wanakuja..."

Hakumaliza. Happyness alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Nimemuua baba yangu," alisema.

Alimweleza yote, maneno yakimtoka ovyo: msumari, ufa, utepe, urembo. Naima alimsikiliza mdomo wazi.

"Nyamaza kwanza," alisema hatimaye. "Akirudi jioni utamwambia polepole. Ukienda sasa hivi, atakuchapa mbele za watu."

"Na asiporudi?"

Naima alisimama, akamshika mkono.

Walikwenda pamoja kwa Mwalimu Genoveva, mwalimu wao wa darasa. Hakugomba. Aliomba namba ya baba, akapiga simu mara tatu. Mara zote tatu sauti ilisema simu haipatikani.

"Chini ya ardhi hakuna mtandao," alisema mwalimu, na uso wake ukabadilika. "Nendeni. Kimbieni, lakini msivuke lango. Mwambieni mlinzi nimewatuma mimi."

Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka shuleni hadi machimboni, na njia inapanda. Happyness alikimbia mpaka koo likamuuma. Kila gari lililoshuka kutoka kilimani lilimshtua, akidhani limebeba majeruhi. Mara moja alianguka na kuchubuka goti, akainuka bila kulitazama. Kichwani alikuwa akihesabu: baba ameshuka saa moja, sasa ni saa tano, ni saa nne ameshakaa na ufa kichwani. Saa nne nzima.

Langoni alikuwepo mlinzi aliyeitwa Elick, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Happyness akihema. "Naomba uniitie baba yangu, Maduhu."

"Marahaba. Rudini shule. Watoto marufuku hapa."

"Mwalimu ametutuma. Lazima atoke! Helmeti yake ina ufa!"

Elick akacheka. "Helmeti ile yenye urembo? Asubuhi ametuonyesha wote. Anasema binti yake ni mhandisi."

Wachimbaji waliokuwa wakinywa uji karibu na lango waligeuka kutazama. Happyness alitamani ardhi impasukie. Alikuwa bado na nafasi ya kusema kwamba mtu mwingine ameitoboa, au kwamba imeanguka yenyewe. Maneno hayo yalimjia kabisa mdomoni, mepesi, tayari kutoka.

"Binti yake ni mimi," alisema kwa sauti. "Nimeitoboa kwa msumari wa moto. Ikapasuka. Nikaficha kwa utepe, nikamdanganya."

Elick aliacha kucheka. Alipuliza filimbi, na msimamizi wa usalama, mtu mfupi aitwaye Philbert, akaja mbio. Aliposikia neno "msumari," hakuuliza la pili. Alikimbilia kwenye duara, yaani shimo refu wanalotelemkia wachimbaji, akaivuta kamba ya ishara mara tatu.

Kamba ilichelewa kujibu. Winchi, mtambo wa kuvutia watu juu, ilianza kuzunguka taratibu, ikilia, na watu wanne wakiisukuma. Happyness aliuma kiganja chake ili asipige kelele. Naima alimshika bega.

Kwanza ilitokea helmeti ya njano yenye mistari miwili myeusi. Kisha miwani, ikiwa imekaa sawasawa. Kisha uso wa baba uliojaa vumbi.

Baba alimwona binti yake nje ya lango, na goti linatoka damu. Aliruka kutoka kwenye kamba, akakimbilia langoni.

"Kuna nini? Mama yako? Mapacha?"

"Hapana, baba. Ni mimi." Akamweleza kupitia kwenye nyavu za lango, analia, lakini hakuruka hata neno moja.

Philbert aliichukua helmeti, akaubandua utepe. Ufa ulikuwa umeongezeka. Sasa ulifika karibu na utosi. Aliiweka helmeti juu ya gogo, akaigonga mara moja kwa mpini wa nyundo, wala si kwa nguvu nyingi. Ikagawanyika vipande viwili.

Baba alikaa chini polepole, akakiokota kipande kimoja, akakitazama kwa jicho lake moja kwa muda mrefu.

"Maduhu," alisema Philbert, "nitakuazima helmeti nzima kutoka stoo. Lakini wewe hushuki tena bila miwani inayokaa usoni. Nimekuona unavyoiweka mfukoni, nikanyamaza, nami nimekosa. Mpaka upate namna ya kuifunga bila kutoboa helmeti, utafanya kazi ya huku juu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani baba hakusema neno. Kesho yake pia hakusema, zaidi ya kuitikia shikamoo. Afadhali angemchapa. Happyness alikula bila kujua anakula nini, na kila alipoiona ile helmeti ya kuazima ikining'inia ukutani, alijisikia vibaya upya.

Hata hivyo hakukaa tu. Siku ya kwanza alifunga kamba kuzunguka helmeti. Ikateleza na kutoka juu, kwa sababu uso wa helmeti ni laini na umeviringa. Siku ya pili alibandika vishikizo kwa gundi. Vikabanduka baada ya kuanikwa juani saa moja tu. Siku ya tatu aliingia kwenye kibanda cha maziwa, akakaa chini, akalia mpaka kichwa kikauma. Aliona hakuna njia, na kwamba baba atarudi kushuka akiwa ameiweka miwani mfukoni, na siku moja atarudi akiwa ameshikwa mkono.

Alipofuta macho, mbele yake kilikuwa kinaning'inia kibuyu kikubwa cha maziwa. Kilijaa mpaka shingoni. Hakikuwa na tundu hata moja. Kilibebwa na kamba tu: pete ndogo ya kamba juu shingoni, kamba nne zikishuka kutoka kwenye pete hiyo, zikikutana chini ya tumbo la kibuyu. Kamba hazikuweza kuteleza kwenda juu kwa sababu zilishikwa chini, wala kwenda chini kwa sababu zilishikwa juu.

Happyness alisimama.

"Bibi!" aliita. "Bibi, nisaidie! Na kabla hujanisaidia nikuambie nilichokifanya Jumapili, maana hujaambiwa chote."

Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe ndiyo maana ulinuka plastiki," alisema. Kisha akavuta kigoda. "Haya, lete hiyo tyubu."

Walikata pete ndogo ya mpira ya kukaa kwenye utosi wa helmeti. Wakashusha mikanda minne kutoka kwenye pete mpaka ukingoni. Naima alileta spoku za baiskeli kuukuu, wakazikunja kuwa kulabu nne za kushika ukingo kwa chini, na ncha zake wakazivika mpira zisikwaruze. Mkanda wa miwani waliukata katikati, kila upande ukafungwa kwenye kulabu ya pembeni. Wakaijaribu. Waliipindua juu chini, wakaimwagia ndoo ya maji badala ya jasho. Bibi mwenyewe aliivaa akatwanga mahindi mpaka akachoka, na Naima alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika kicheko katika nyumba ile tangu Jumatatu.

Jioni Happyness alimpelekea baba helmeti kwa mikono miwili.

"Haina tundu, baba. Igeuze utazame. Lakini kulabu ya kushoto inalegea ukiinama sana. Nimeikaza mara mbili, bado inalegea kidogo. Itazame kila asubuhi kabla ya kushuka."

Baba aliigeuza, akaipapasa kila mahali. Akaivaa, akainama, akaigusa kulabu ya kushoto. Kweli, ililegea.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwa siku tatu.

"Ndiyo, baba."

Kesho yake Philbert aliikagua mbele ya wachimbaji wote. Aliikaza kulabu ya kushoto kwa koleo, akamruhusu Maduhu kushuka. Kabla wiki haijaisha, watu sita walikuwa wameleta helmeti zao uani kwa bibi, na Happyness alimwambia kila mmoja wao habari za kulabu ya kushoto.

Wiki mbili zilipita. Jioni moja baba alitokea kwenye kona ya migomba, akitembea polepole kuliko kawaida. Happyness aliinuka kwenye kigogo, akalitazama jicho la kulia. Lilikuwa zima. Lakini baba alimkalisha tena, akakaa karibu naye, akaifungua miwani na kumwekea mkononi.

Kwenye kioo cha kulia, katikati kabisa, palikuwa na alama ya kupasuka yenye ukubwa wa punje ya mahindi.

"Leo saa nne," alisema baba. "Kipande kimeruka kutoka kwenye mwamba. Nimesikia tu, ko!"

Happyness aliipapasa alama ile. Aliegemea bega la baba yake lililojaa vumbi, akalia.

"Sikiliza, mama," baba alisema. "Nataka nikuambie jambo ambalo hata mama yako sijamweleza vizuri. Jicho hili la kushoto halikupotezwa na jiwe. Jiwe liliumiza tu. Nilipofika nyumbani mkaniuliza, nikasema ni vumbi. Nikatia maji ya majani, nikafunga kitambaa, nikasema sijambo. Siku tatu nasema sijambo. Daktari aliniambia ningekwenda siku ile ile, ningekuwa naona. Kilichonipofusha ni zile siku tatu."

Akaigusa ile alama kwenye kioo.

"Wewe ulikosea, tena vibaya. Mtu yeyote anayejaribu kitu anaweza kukosea. Lakini ulikimbia saa nzima na goti linavuja damu ili useme. Ufa ukisemwa siku ile ile, watu wanapata nafasi ya kuuzuia. Ukifichwa, unaendelea kukua huko ndani, na mwenye kuubeba hajui. Usije ukasahau hilo hata ukiwa mtu mzima. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikasahau."

"Sitasahau, baba."

"Haya. Sasa tazama ile kulabu yako."

Happyness aliichukua helmeti, akaigeuza, akaivuta kulabu ya kushoto kwa kidole.

"Imelegea, baba," alisema.

"Basi lete koleo," alisema baba, akamshikia helmeti akaze.